Pepo Akishaelezwa Hatishi: Uhakiki wa Mwendelezo wa Filamu ya The Exorcist

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi aghalabu huzoezwa kuhakiki kazi zilizofaulu. Hupewa riwaya au tamthilia iliyokwisha kusifiwa, akatakiwa kueleza ubora wake, naye hujibu kwa orodha anayoifahamu vyema: taharuki, ukuzaji wa wahusika, mandhari na lugha teule. Ni nadra kuulizwa kazi fulani imeharibika wapi na kwa sababu gani. Hata hivyo, kazi iliyoharibika ina manufaa yake. Nyumba iliyokamilika huficha viungo vyake, ilhali iliyoporomoka huvianika hadharani, na fundi mwanagenzi hujifunza mengi kwa kuuzunguka ukuta ulioanguka.

Makala haya yanaichunguza filamu ya Exorcist II: The Heretic, iliyoelekezwa na John Boorman na kutolewa nchini Marekani mwezi wa Juni mwaka 1977. Filamu hiyo ni mwendelezo wa The Exorcist ya mwaka 1973, mojawapo ya filamu za kutisha zinazoheshimiwa zaidi duniani. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba mwendelezo huo haukuanguka kwa uhaba wa fedha wala wa vipawa. Ulianguka kwa sababu ulijitwika jukumu la kueleza yale ambayo filamu ya kwanza iliyaacha kimya kwa makusudi. Aidha, makala yanaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kimya hicho ilihusu Afrika, jambo linalomfanya mtazamaji wa huku kwetu kuwa na hoja ya ziada ya kutoa.

Filamu ya Kwanza na Kimya Chake

The Exorcist ilielekezwa na William Friedkin kutokana na riwaya ya William Peter Blatty iliyochapishwa mwaka 1971. Inasimulia kisa cha Regan, binti wa mwigizaji wa filamu, ambaye anapagawa na pepo katika mtaa wa Georgetown mjini Washington. Mamake, Chris, hana dini. Anahangaika kutoka kwa daktari mmoja hadi mwingine, na ni baada ya utabibu kushindwa ndipo anapowaendea mapadri wawili: Karras, kijana aliyetetereka katika imani yake, na Merrin, mzee aliyewahi kupambana na pepo. Filamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo 10 za Oscar ikashinda mbili, moja ya mswada uliotokana na kazi nyingine na ya pili ya sauti.

Msomaji anayedhani kwamba filamu hiyo inatisha kwa sababu ya matapishi na shingo inayozunguka hajaitazama vizuri. Kabla ya hayo, mtazamaji ameonyeshwa vipimo vya hospitali kwa kirefu, sindano ikiingia shingoni mwa mtoto, mashine zikigonga, madaktari wakisoma picha zisizo na jibu. Kelele za darini zinadhaniwa kuwa za panya. Kila jambo hupewa kwanza sababu ya kawaida, na sababu hizo zinapokwisha moja baada ya nyingine, mtazamaji hujikuta mahali alipo mama: hana mahali pengine pa kukimbilia. Friedkin alikuwa ametengeneza filamu za matukio halisi kabla ya kuingia katika filamu za kubuni, na jicho hilo la kiripota ndilo linalomfanya mtazamaji asadiki. Hata chumba cha Regan kilipoozwa kwa mitambo wakati wa kupiga picha ili pumzi za waigizaji zionekane zikifuka, kwa hiyo baridi anayoiona mtazamaji ni baridi kweli.

Nguzo ya pili ya filamu hiyo ni kimya. Inaanza katika magofu ya kaskazini mwa Iraki, ambako Merrin anasimama mbele ya sanamu ya pepo. Hakuna anayeeleza sanamu hiyo ni ya nani wala ina uhusiano gani na mtoto wa Washington. Baadaye, kanisa linapotafuta mtu wa kuifanya kazi hiyo, tunasikia kwa ufupi sana kwamba Merrin aliwahi kupunga pepo barani Afrika miaka kumi au zaidi iliyopita, kwamba kazi hiyo ilichukua miezi, na kwamba nusura imwue. Basi. Hatuambiwi nchi, wala mgonjwa, wala yaliyotokea. Maneno hayo machache humjengea Merrin historia nzito kabla hajashuka kwenye teksi.

Kimya hicho hakikuja kwa sadfa. Palikuwa na mazungumzo mafupi kwenye ngazi ambamo Karras anataka kujua kwa nini pepo amemchagua msichana huyu, naye Merrin anajibu kwamba shabaha ni wale wanaomtazama, ili wakate tamaa na kujiona wanyama wasiostahili kupendwa. Blatty aliyathamini mazungumzo hayo. Friedkin aliyaondoa, kwa imani kwamba filamu yenyewe ilikuwa imekwisha kuyasema. Yalirejeshwa katika toleo la mwaka 2000. Mvutano huo wa waumbaji wawili juu ya dakika moja ya maelezo ndio ufunguo wa kuelewa kilichoisibu filamu ya pili.

Muhtasari wa Filamu ya Pili

Blatty na Friedkin hawakutaka kushiriki katika mwendelezo. Ellen Burstyn, aliyeigiza kama Chris, hakurudi pia. Kampuni ilimkabidhi kazi hiyo Boorman, mwelekezi aliyekuwa amesifika kwa filamu ya Deliverance ya mwaka 1972. Inafaa kukumbukwa kwamba Boorman alikuwa amependekezewa filamu ya kwanza akaikataa, kwa kuiona kuwa ni kisa cha kumtesa mtoto.

Miaka minne imepita. Regan, ambaye bado anaigizwa na Linda Blair, anaishi New York na kutibiwa na Daktari Gene Tuskin, mtaalamu wa magonjwa ya akili. Padri Lamont, anayeigizwa na Richard Burton, anatumwa na Kardinali kuchunguza kifo cha Merrin, ambaye maandishi yake yanashukiwa kuwa ya uzushi. Daktari ana kifaa chenye taa inayowaka na kuzimika. Watu wawili hufunga mikanda kichwani, wakaitazama taa hiyo, na akili zao zikawiana. Kupitia kifaa hicho Lamont anamwona Merrin akiwa Afrika, akimwokoa mvulana aitwaye Kokumo aliyekuwa na uwezo wa kuwafukuza nzige. Lamont anasafiri kumtafuta Kokumo, ambaye sasa ni mtu mzima, na hatimaye kurejea katika nyumba ya Georgetown ambako nzige wanavamia na nyumba kuporomoka.

Swali Lililojibiwa

Filamu ya pili inalichukua swali aliloliuliza Karras na kulitolea jibu la moja kwa moja. Regan alichaguliwa kwa sababu ana kipawa cha kuponya, na pepo huwaandama watu wenye wema mkuu. Kwa kulijibu hivyo, mwendelezo unayabomoa mambo mawili kwa pamoja.

Kwanza, unaiondoa hofu. Regan wa mwaka 1973 alitisha kwa sababu alikuwa mtoto kama mtoto mwingine yeyote. Kila mzazi ukumbini angeweza kumwazia wa kwake kitandani pale. Regan wa mwaka 1977 ni mteule. Kinachompata mteule hakiwezi kumpata jirani, na mtazamaji anarudi kwake akalala salama.

Pili, unaipunguza thamani ya kafara. Katika filamu ya kwanza Karras anamwita pepo aingie mwilini mwake, kisha anajitupa dirishani ili mtoto apone. Hicho ndicho kilele cha msuko wote. Katika filamu ya pili uchunguzi wote unahusu kifo cha Merrin, na aliyelipa kwa uhai wake kumkomboa msichana hana nafasi yoyote ya maana. Mwendelezo unaosahau kilele cha kazi inayouendeleza umekata mzizi wake wenyewe.

Wasomi wa utamaduni wa pwani watalitambua jambo hili kwa njia nyingine. Katika uganga wa pepo, mganga humtaka pepo azungumze. Humwuliza jina lake, kabila lake na anachokitaka, kwani pepo asiyejulikana hawezi kutulizwa. Pepo akishataja jina na kudai chake, iwe nguo au ubani au ngoma ya aina fulani, hofu huanza kupungua na mapatano huanza. Kulitaja jina, kwa hiyo, ni tendo la tiba. Filamu ya kwanza ilituonyesha sanamu ikanyamaza. Ya pili inalitamka jina la Pazuzu tena na tena, ikatueleza nasaba yake, mapenzi yake na njia ya usafiri wake kwenye mbawa za nzige. Imefanya kazi ya mganga mahali palipohitaji msimulizi wa kutisha.

Kicheko Ukumbini

Historia inaonyesha kwamba filamu hiyo ilipoanza kuonyeshwa watazamaji walicheka, na Boorman akalazimika kuihariri upya baada ya siku chache. Mhakiki hapaswi kutosheka kwa kusema kwamba walicheka. Ni wajibu wake kuuliza walicheka wapi.

Mfano mmoja ni onyesho la Regan kuzungumza na mtoto mwingine katika hospitali ya Daktari Tuskin. Mtoto anapouliza ana tatizo gani, Regan anamjibu kwa upole kwamba alikuwa amepagawa na pepo, kisha anamtuliza kwamba pepo huyo ameshaondoka. Mambo yaliyochukua saa mbili za maumivu katika filamu ya kwanza yanasemwa kwa sauti ya mtu anayesimulia mafua yaliyopita. Msemaji na jambo analolisema havilingani, na kutolingana huko ndiko kunakozaa kicheko. Ni kinaya, ila kinaya ambacho waliotunga hawakukikusudia.

Mfano wa pili ni kile kifaa cha taa. Filamu ya kwanza ilitumia vifaa vya hospitali vilivyojulikana, na kwa sababu hiyo utabibu ulioshindwa ulikuwa utabibu halisi. Ya pili inabuni mtambo usiokuwepo popote, kisha inautegemea ubebe msuko mzima. Mtazamaji anawaona waigizaji wawili wenye hadhi wamefunga mikanda vichwani, wakikodolea taa macho, na hajapewa sababu yoyote ya kusadiki. Mwingine ni wakati Regan anapocheza densi jukwaani shuleni, huku picha zikirukia Afrika ambako Lamont anapigwa mawe. Nia ni kuonyesha kwamba nafsi hizo mbili zimeunganishwa. Lakini densi ya shangwe na mawe ya ghadhabu, zikipangwa bega kwa bega bila maandalizi, hazizai taharuki.

Mwigizaji naye hapaswi kubebeshwa mzigo wote. Burton alikuwa mwigizaji wa daraja la juu. Louise Fletcher, aliyeigiza kama Daktari Tuskin, alikuwa ametoka tu kushinda tuzo ya Oscar kwa filamu ya mwaka 1975. Muziki ulitungwa na Ennio Morricone. Bajeti ilikuwa takriban dola milioni 14, si fedha za kubahatisha. Ni kweli kwamba mswada uliandikwa upya mara kadhaa, na kwamba Boorman aliugua hadi kazi ikasimama kwa majuma. Hata hivyo, maradhi ya mwelekezi hayatoshi kueleza uamuzi uliokuwa kwenye karatasi kabla ya kamera kuwashwa.

Afrika ya Studio

Yale maneno machache ya mwaka 1973 kuhusu Afrika ndiyo yaliyogeuzwa kuwa nusu ya filamu ya mwaka 1977. Hapa ndipo udhaifu wa fani unapogeuka kuwa udhaifu wa maudhui. Afrika inayoonyeshwa ni Ethiopia kwa jina, lakini kijiji chake kilijengwa katika studio huko California. Mvulana wa kati ya watawa wa Ethiopia anaitwa Kokumo, jina la Kiyoruba. Ni kana kwamba mchungaji wa Turkana angepewa jina la Kizulu, na pasiwe na mtu wa kushangaa.

Kuna kosa kubwa kuliko hilo la jina. Ethiopia ni miongoni mwa nchi kongwe zaidi za Kikristo duniani. Mfalme Ezana wa Aksum aliukubali Ukristo katika karne ya 4, zaidi ya miaka 200 kabla ya Augustino kufika Uingereza mwaka 597. Kwa hiyo padri anayesafiri kutoka Magharibi kwenda huko anakwenda katika kanisa lililolitangulia kanisa la wengi wa mababu zake. Filamu inaonyesha watawa na kanisa juu ya mawe, lakini inawatumia kama mapambo. Maarifa ya kumfukuza pepo yanaletwa na Merrin, na pepo ndiye anayehesabiwa kuwa mwenyeji.

Tabia hiyo haikukoma mwaka 1977. Mwaka 2004 ilitolewa Exorcist: The Beginning, ya Renny Harlin, inayosimulia ujana wa Merrin, na mwaka 2005 likatolewa toleo jingine la kisa hicho hicho ambalo Paul Schrader alikuwa amelitengeneza kwanza na kampuni ikaliweka kando. Kisa hicho kimewekwa nchini Kenya wakati wa ukoloni, ambako kanisa la kale linafukuliwa mchangani katika nchi ya Waturkana. Picha zilipigwa Moroko na katika studio za Roma. Mkenya anayeitazama anaiona Turkana isiyo na upepo wa Turkana wala ziwa lake. Tangu filamu ya pili hadi hizo mbili, maneno yale machache yamechimbwa mara tatu, na kila mara kilichofukuliwa ni kile kile: Afrika kama ghala la uovu ambao padri mgeni huja kulifunga.

Inafaa kusisitizwa kwamba filamu ya kwanza nayo ilikuwa na mbegu ya dhana hiyo. Pepo wake alitokea Iraki, na mapambano ya awali ya Merrin yalikuwa Afrika; mbali na Marekani kwa vyovyote. Tofauti ni kwamba kimya kiliiacha mbegu bila kuimwagilia maji.

Haki Yake

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Filamu ya Boorman ina mambo mawili yanayostahili kutajwa.

La kwanza ni Kokumo mwenyewe, anayeigizwa na James Earl Jones. Lamont anamtarajia mganga aliyevaa mavazi ya nzige, na kwa muda filamu inampa yeye na mtazamaji taswira hiyo. Kisha taswira inatoweka, na Lamont anajikuta katika maabara, mbele ya mwanasayansi anayewatafiti nzige ili kuwazuia. Kwa dakika hizo chache filamu inauumbua mtazamo wake yenyewe. Lau ingesimama hapo na kumpa Kokumo nafasi pana zaidi, huenda ingekuwa filamu tofauti kabisa.

La pili ni wazo la nzige. Kokumo anaeleza kwamba nzige mpweke hana madhara, ila wakisongamana na mbawa zao kugusana hugeuka kundi la uharibifu. Naye anajaribu kumpata nzige atakayeukata mnyororo huo. Wazo hili lina mizizi katika sayansi. Mwaka 1921 Boris Uvarov alieleza kwamba nzige wapweke na nzige wa makundi ni mdudu yule yule katika hali mbili, na tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kuguswaguswa miguu ya nyuma huchochea mabadiliko hayo kwa nzige wa jangwani. Kama istiari ya uovu unavyoenea miongoni mwa watu, ni wazo zito. Mwelekezi Martin Scorsese aliitetea filamu hiyo mwaka 1978, akivutiwa na swali lake kuhusu wema mkuu kuuvuta uovu mkuu.

Lakini hata hapa filamu inajikwaa. Mkenya aliyeshuhudia nzige wa jangwani walioingia nchini mwishoni mwa mwaka 2019, katika uvamizi mbaya zaidi kwa miaka 70, anajua jinsi wanavyotisha. Hutisha kwa sababu ni wadudu tu, wanaokula mtama wa mtu huku akiwatazama. Nzige akifanywa gari la pepo, hofu yake ya kweli humtoka.

Funzo kwa Mwandishi Chipukizi

Kisa cha filamu hii kinawahusu pia wanafunzi wanaoandika hadithi fupi na michezo ya kuigiza. Mwandishi chipukizi huogopa kutoeleweka. Kwa sababu hiyo humpa kila mhusika historia, kila ndoto tafsiri na kila kifo sababu. Kumbe msomaji hahitaji kujua kila kitu. Anahitaji kusadiki kwamba mwandishi anakijua. Merrin wa filamu ya kwanza anasadikika kwa sababu yaliyompata Afrika yamo usoni mwake, si kwa sababu yamesimuliwa.

Blatty mwenyewe alirudi mwaka 1990 na filamu ya The Exorcist III, aliyoiandika na kuielekeza kutokana na riwaya yake ya Legion. Aliipuuza kabisa filamu ya pili, akamrudisha Karras aliyeachwa, na akazitegemea korido tupu, mazungumzo na subira. Ni ushahidi kwamba mwendelezo si jambo lililolaaniwa kwa asili. Tatizo ni kuudhania kuwa nafasi ya kujibu, ilhali kazi yake ni kuliuliza upya swali la kwanza.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba Exorcist II: The Heretic iliharibiwa na maelezo: ilimfanya Regan mteule, ikamtaja pepo hadi akazoeleka, ikabuni mtambo wa kueleza yasiyoelezeka, na ikaijaza Afrika ya kubuni mahali palipokuwa na kimya. Aidha, imedhihirika kwamba kimya cha msimulizi si jambo la fani pekee. Anayeamua kukijaza huamua pia kukijaza kwa nchi ya nani na watu gani. Ni jukumu la watunzi wa Afrika Mashariki kuzisimulia Turkana na Aksum kwa kuzijua, na pale wanapotaka kutisha, kujua pia mahali pa kunyamaza.

Maswali ya Mjadala

1. Taja hadithi fupi ya Kiswahili uliyoisoma ambayo jambo muhimu limeachwa bila kuelezwa. Je, ingepoteza nini lau lingeelezwa?

2. "Kicheko cha hadhira ni hukumu tosha juu ya kazi ya kutisha." Jadili.

3. Tofautisha taharuki na mshtuko ukitumia mifano kutoka katika filamu au tamthilia mbili.

4. Andika onyesho la ukurasa mmoja kuhusu nyumba inayoogopwa kijijini, pasiwe na mhusika yeyote anayeeleza sababu ya kuogopwa kwake.